Sikio lililopunguka halitaki kelele, lataka mizani

Wahenga walisema kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Methali hii hutolewa kila mara mtu anapokataa nasaha, na aghalabu hutolewa kwa ukali. Sina ugomvi na wahenga. Hata hivyo, kwa kuwa kazi yangu ni kuichunguza lugha, nimejiuliza mara nyingi ni kwa nini lugha yetu ililichagua sikio, wala si jicho au mguu, kuwa ishara ya ukaidi. Katika Kiswahili, kusikia ni kupokea sauti, na kusikia vilevile ni kutii. Mtoto msikivu ni mtoto mwenye adabu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Basi yule ambaye masikio yake yamepungukiwa na nguvu hujikuta, bila ya kosa lolote, ametiwa katika fungu moja na wakaidi na wenye madharau.

Nayasema haya kwa sababu mimi mwenyewe ni mmoja wao, na kwa miaka mingi niliificha hali hiyo kama mtu afichavyo deni. Nia yangu leo si kuomba huruma. Nataka kutoa hoja moja: kwamba mtu ambaye masikio yake yamepoteza sauti za juu, tena yakazipoteza kwa viwango visivyolingana, hajafukuzwa katika karamu ya muziki. Lakini njia ambayo wengi wetu huifuata ili tubakie karamuni, yaani kuongeza sauti, ndiyo itakayotufukuza.

Nilikulia Mukuru kwa Njenga, mtaa wa mabanda uliopakana na Eneo la Viwanda jijini Nairobi. Kila anayeufahamu mtaa huo, awe ametokea Sisal, Vietnam au Wapewape, anajua kwamba pale ukimya ni bidhaa adimu. Kuta ni za mabati, na bati halizuii sauti. Hutetema pamoja nayo. Redio ya jirani ni redio yako. Mahubiri ya kanisa la upande huu hukutana hewani na filamu inayoonyeshwa katika kibanda cha upande ule, na kati yake fundi anachomelea mlango wa chuma. Tuliokulia humo tuliizoea hali hiyo hata tukasahau kwamba ni kelele.

Baada ya kumaliza shule ya upili, na kabla ya kujiunga na chuo kikuu, nilifanya kibarua kwa takriban miaka miwili katika kiwanda kimoja cha bidhaa za chuma. Mashine ya kukatia ilikuwa kushotoni kwangu, hatua mbili tu. Hakuna aliyetupa vizibo vya masikio, nasi hatukuuliza, kwani kibarua anayeuliza hupata mapumziko asiyoyataka. Jioni tulirudi nyumbani masikio yakivuma. Tulidhani ni uchovu, na asubuhi uvumi ulipotulia tulidhani tumepona.

Malipo yalikuja miaka mingi baadaye, tena kwa aibu. Siku moja nilikuwa katika matatu, nimeketi kando ya mlango, sikio la kushoto likielekea kwa utingo. Alipaza sauti, nami nikasikia "shuka". Nikasimama. Gari likakata kona kwa kasi, nikawaangukia abiria wawili. Kumbe alikuwa amesema "shika". Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu akaniuliza, "Baba, si umeambiwa ushike? Kwani husikii?" Abiria wakacheka, na mimi nikacheka nao, lakini nilipofika nyumbani sikulala upesi.

Mwanaisimu hawezi kulipuuza tukio la namna hiyo. "Shika" na "shuka" hutofautiana kwa vokali moja tu. Mitetemo ya chini ya [i] na [u] inakaribiana sana. Kinachozitenganisha ni mwangwi wa juu zaidi, ambao kwa [u] huwa chini ya mitetemo 1,000 kwa sekunde, ilhali kwa [i] huvuka 2,000. Sikio lisilopokea vizuri mitetemo inayozidi 2,000, likiwa katikati ya kelele za barabarani, huweza kabisa kuigeuza [i] kuwa [u]. Konsonanti ndizo zinazoumia zaidi. Nguvu kubwa ya [s] hukaa juu ya mitetemo 4,000, na [f] ni hafifu tangu kuzaliwa kwake. Kwa mtu wa aina yangu, "saa" na "faa" ni neno moja lililopotewa na kichwa.

Hatimaye nilikwenda kupimwa. Upimaji wenyewe hauna maumivu. Mtu huketi katika chumba kisichopenyeza kelele, akavishwa spika za masikioni, au hedifoni kama wengi wanavyoziita, kisha akasikilizishwa milio kuanzia mitetemo 250 kwa sekunde hadi 8,000. Kila anaposikia hubonyeza kitufe, na majibu huchorwa kwenye chati. Chati yangu ilianza vyema: kwa sauti nzito masikio yote mawili yalikuwa yanasikia kama ya mtu mwingine yeyote. Kuanzia mitetemo 2,000 mistari iliachana. Ule wa sikio la kulia uliteremka polepole hadi desibeli 30. Ule wa kushoto ulianguka kama mtu aliyekosa ngazi, ukafika desibeli 65 penye mitetemo 4,000, kisha ukapanda kidogo. Daktari aliitazama karatasi, akaniuliza swali moja tu: "Uliwahi kufanya kazi kiwandani?"

Bonde hilo penye mitetemo 4,000 ni sahihi ya kelele, na madaktari wanaitambua kama karani atambuavyo mwandiko wa mkubwa wake. Ndani ya sikio mna kiungo kiitwacho koklea, kilichojikunja mfano wa kombe la konokono. Humo mna seli zipatazo 15,000 zenye vinyweleo vinavyotikiswa na sauti. Zinazopokea sauti za juu zimekaa mlangoni. Zinazopokea sauti nzito zimekaa ndani kabisa. Ndizo za mlangoni zinazotangulia kuumia, iwe ni kwa kelele au kwa uzee. Nazo, tofauti na ukucha au ngozi, hazioti tena kwa binadamu. Kelele si mkosaji wa pekee. Kanamycin, sindano iliyotumiwa kwa miaka mingi kutibu kifua kikuu sugu, iliwaharibu masikio wagonjwa wengi hadi Shirika la Afya Duniani lilipoanza kushauri mwaka 2018 kwamba isitumiwe tena.

Sasa tuje kwenye muziki, maana hapo ndipo hofu yangu kubwa ilipokuwa. Niliporudi nyumbani kutoka kwa daktari niliamini kwamba nyimbo nilizozipenda tangu utotoni zimekwisha. Nilikosea, na hesabu ndiyo iliyonionyesha kosa langu. Uzi mzito kabisa wa gitaa la besi hutetema takriban mara 41 kwa sekunde. Gitaa la kawaida, hata kidole kikibonyeza mahali pa juu kabisa, halivuki sana mitetemo 1,300. Sauti ya mwimbaji, awe mwanamume au mwanamke, aghalabu haipiti hapo. Noti ya mwisho kabisa ya piano ni mitetemo 4,186. Kwa hivyo takriban noti zote za benga, rumba na taarabu zimo katika sehemu ambayo sikio langu bado linaimiliki. Kilichopotea ni kile kinachozivisha noti hizo nguo: mng'ao wa uzi unapoguswa, mchakacho wa matoazi, pumzi ya mwimbaji, na zile [s] na [f] zinazoyatia maneno makali.

Chukua mfano wa "Sina Makosa" wa Les Wanyika, uliotolewa mwishoni mwa miaka ya 1970, na ambao vijana wa mtaani kwetu waliurithi kutoka kwa baba zao. Wimbo huo umejengwa juu ya gitaa la besi linalotembea kwa madaha, na magitaa mawili yanayojibizana juu yake. Nikiusikiliza kwa sikio la kushoto peke yake, matoazi hutoweka na magitaa husikika kana kwamba yamefunikwa blanketi. Hata hivyo, mwendo wa wimbo haujaguswa. Ndivyo ilivyo pia kwa benga ya D.O. Misiani na Shirati Jazz: gitaa la solo hupoteza makali yake, lakini halipotezi hata noti moja.

Lugha yenyewe nayo hutusaidia. Silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa vokali, na vokali ndizo zenye nguvu kubwa katika sauti za chini. Isitoshe, sarufi yetu hurudiarudia habari. Anayesema "vitabu vyangu vile viwili vimepotea" ametaja ngeli ile ile mara tano. Sikio likikosa mara mbili, litapata mara tatu. Waimbaji nao hutuongezea kiitikio, ambacho hurudi mara nyingi kuliko mdai. Kwa nini basi tulie kwamba tumefungiwa mlango, ilhali wimbo umeacha madirisha mengi wazi?

Wala hali hii si ngeni duniani. Beethoven, mtunzi mashuhuri wa Ujerumani, alimwandikia rafiki yake mwaka 1801 kwamba akiwa mbali kidogo hazisikii tena noti za juu za ala na za waimbaji. Sauti za juu ndizo zilizomwaga kwanza. Hakuwa na chombo chochote cha kumrekebishia alichopoteza. Sisi tunacho, tena wengi wetu tunakibeba mfukoni.

Juzi nilikwenda Mukuru kuwatembelea jamaa. Nikamkuta kijana mmoja fundi wa kuchomelea, amepumzika nje ya kibanda chake, hedifoni masikioni. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake na wimbo wake nilikuwa nausikia. Nilimwashiria avue.

"Kijana wangu, mbona unajiua?"

"Mwalimu, nikipunguza nasikia besi tu. Maneno yananipotea."

Jibu hilo lilinichoma, maana lilikuwa jibu langu mwenyewe la miaka kumi iliyopita. Kijana huyo si mkaidi. Anatafuta kitu alichonyang'anywa, ila anakitafuta kwa panga.

Hebu tufanye hesabu. Mtu akitaka kuyasikia matoazi yaliyompotea, naye akaongeza sauti yote kwa desibeli 30, hajaongeza matoazi peke yake. Ameongeza na ngoma, na besi, na sauti ya mwimbaji, ambazo alikuwa akizisikia barabara. Kila desibeli 10 huzidisha nguvu ya sauti mara kumi. Kwa hivyo desibeli 30 huizidisha mara 1,000. Muziki uliokuwa na desibeli 65 sasa una 95. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sauti ya desibeli 80 isisikilizwe kwa zaidi ya saa 40 kwa juma, na ya desibeli 90 isizidi saa nne kwa juma zima. Fundi wetu humaliza saa hizo nne kabla ya Jumanne jioni, mbali na kelele za mashine yake. Yaani anaziteketeza seli alizobakiwa nazo ili azisikie zile zilizokwisha kufa.

Dawa ni mizani. Hedifoni ina fadhila ambayo spika ya ukutani haina: kila sikio hupewa haki yake peke yake. Simu nyingi za leo zina mipangilio ya kuwafaa watu wenye upungufu, na humo mna mahali pa kuegemeza sauti upande wa kushoto au wa kulia. Mna pia mahali pa kuunganisha mikondo miwili ya sauti kuwa mmoja. Hili ni jambo kubwa kwa mwenye masikio yasiyolingana, kwani rekodi nyingi huweka gitaa moja kushoto na jingine kulia, na mwenye sikio bovu la kushoto hupoteza gitaa zima pasipo kujua. Mikondo ikiunganishwa, ala zote hufika katika sikio zima. Zaidi ya hayo kuna kisawazisha sauti, kile ambacho mafundi wa muziki hukiita ikwalaiza, kinachomwezesha mtu kuinua sauti za juu na kuteremsha besi bila ya kugusa kiasi cha sauti nzima.

Hapa natahadharisha. Mtu asidhani kwamba aliyepungukiwa desibeli 60 anahitaji kuongezewa desibeli 60. Sikio lililoumia lina tabia ya ajabu: haliisikii sauti ndogo, lakini sauti ikikua kidogo tu, hulichoma. Ndiyo maana tangu miaka ya 1940 waundaji wa vifaa vya kusaidia kusikia walitumia kanuni ya kurudisha takriban nusu ya kilichopotea. Na mahali ambapo seli zimekufa kabisa, kuongeza ni kumwagilia jiwe. Huzaa mkwaruzo tu. Mimi huinua kidogo kuanzia mitetemo 2,000, upande wa kushoto zaidi ya kulia, hupunguza besi, kisha huacha masikio yazoee kwa siku kadhaa. Mwanzoni muziki huonekana mwembamba, lakini baada ya juma moja mtu hushangaa aliwezaje kuishi chini ya blanketi.

Hedifoni zinazoziba sikio vyema zina faida nyingine kwa mkazi wa Mukuru. Huzuia sehemu ya kelele za nje, na asiyeshindana na kelele za nje hahitaji kupandisha sauti. Lakini zisivaliwe barabarani. Mwenye masikio yasiyolingana tayari hushindwa kutambua honi imetoka upande gani, na bodaboda haingoji atambue.

Najua kuna watakaosema kwamba mhadhiri huyu amekosa la kuandika. Mukuru hakuna maji ya kutosha, mvua ikinyesha vijia hugeuka matope, na mwaka 2021 nyumba nyingi zilibomolewa ili barabara ipite. Muziki ni nini mbele ya hayo? Ninaiheshimu hoja hiyo, ila naona imekosea mahali pamoja. Maskini hanunui raha nyingi. Wimbo ni mojawapo ya chache anazozimudu, na ukimwondolea huo umemwachia nini baada ya kazi? Isitoshe, sikio linalosikiliza wimbo ndilo linalosikia mtoto akikohoa usiku, na ndilo linalomsikia mwalimu darasani. Upungufu ambao kwangu umezaa kichekesho ndani ya matatu, kwa mtoto wa darasa la kwanza huzaa adhabu, kisha alama mbaya, kisha jina la mjinga.

Kwa hivyo natoa rai. Kwanza, sheria tuliyo nayo itekelezwe. Kanuni za mwaka 2005 kuhusu kelele mahali pa kazi zinamkataza mwajiri kumweka mfanyakazi penye wastani wa zaidi ya desibeli 90 kwa zaidi ya saa nane kwa siku. Ni kanuni yenye umri wa zaidi ya miaka 20. Wakaguzi wavuke lango la kiwanda wakiwa na kipimo mkononi, na kibarua wa siku moja ahesabiwe kuwa mfanyakazi, kwa kuwa sikio lake haliulizi kama ana mkataba. Pili, upimaji wa usikivu uwafikie watu katika zahanati za mitaani na katika shule za msingi, usiwe safari ya kwenda hospitali kubwa. Tarehe 3 Machi kila mwaka huadhimishwa duniani kuwa siku ya usikivu. Hiyo ni siku njema ya kuanzia, ingawa haitoshi. Tatu, yeyote ambaye sikio lake moja limezidiwa waziwazi na jingine amwone daktari, kwani huenda sababu si kelele. Na aliyepoteza kusikia ghafla asingoje hata siku tatu.

La mwisho linatuhusu sisi watumiaji wa lugha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba zaidi ya watu bilioni 1.5 wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani. Haiwezekani wote hao wawe wakaidi. Mtu akikuambia "sijasikia", mwamini, kisha urudie bila ya kununa. Mtoto asipojibu, mwite kutoka upande wa pili kabla ya kushika fimbo.

Tunaofundisha ushairi tunajua kwamba neno mizani lina maana nyingine, ile ya idadi ya silabi katika mshororo. Mshororo ukipungukiwa na silabi, mshairi hauponyi kwa kuughani kwa kelele. Hukaa chini, akahesabu, akatafuta palipopunguka, akapajaza kwa kiasi kinachostahili. Sikio langu la kushoto ni mshororo wa namna hiyo, na la kijana yule wa Mukuru pia, naye bado ana umri wa kuuokoa. Nilipoagana naye nilimwandikia kwenye kipande cha karatasi mahali pa kwenda kupimwa. Naomba kila msomaji mwenye kijana kama huyo karibu naye afanye vivyo hivyo, tena leo, seli zikiwa bado zipo za kuokolewa.